Namba Ikishatoka Haifutwi

Nilianza kazi ya uangalizi wa hali ya hewa mwishoni mwa 1997, wakati wa zile mvua za El Niño, kwenye kituo kimoja cha pwani ya Tanzania. Aliyenifundisha alikuwa mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Nilidhani ataanza na mawingu. Alinikalisha mezani, akaandika namba tano kwenye karatasi: 10274. Akauliza, "Hii inasemaje, mwanangu?"

Sikujua. Akaweka kidole kwenye ile moja ya mwanzo. "Hii ni jina la fungu. Ukiiona ujue tunazungumzia joto la hewa. Sifuri inayofuata maana yake joto liko juu ya sifuri. Lingekuwa chini ungeandika moja. Mia mbili sabini na nne ni nyuzi ishirini na saba nukta nne. Basi. Hapa hakuna Kiswahili wala Kiingereza. Mjapani akiipata anaisoma vilevile."

Ujumbe mzima tuliuita sinopu, na hadi leo waangalizi wanauita hivyo. Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi unatoka na daftari, unafungua kile kibanda cheupe cha vipimajoto, unasoma, unatazama anga, unarudi ndani kwenye baromita. Saa tatu kamili, ambayo kwa saa za dunia ni 0600 Zulu, uwe umeshapanga mafungu yako ya namba tano tano: joto, umande, mgandamizo, mvua, mawingu, na mwisho alama ya sawasawa. Unasoma kwenye redio au simu, Dar es Salaam wanapokea, inakwenda Nairobi ambako ndiko kitovu cha mawasiliano cha kanda yetu, na kutoka pale inasambaa duniani.

Fungu la mvua ndilo lililonipa shida. Siku isiyo na mvua niliruka fungu lile na kuendelea, nikidhani nimemaliza. Mzee alinirudisha. "Umeandika nini kule mwanzo kwenye alama ya mvua? Tatu au nne?" Tatu maana yake nimeacha fungu kwa sababu haikunyesha. Nne maana yake nimeacha kwa sababu haikupimwa. Nilikuwa nimeandika nne. "Umewaambia watu wa dunia kwamba hujui kama ilinyesha, na wewe umelala hapa usiku kucha ukiona nyota."

Yule mzee alianza kazi chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, enzi za Jumuiya ya zamani, makao makuu yakiwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ilichukua vituo vyake na watu wake. Alipenda kunionyesha orodha ya vituo: Entebbe 63705, Dagoretti pale Nairobi 63741, Dar es Salaam 63894. "Angalia mwanzo wake. Sitini na tatu, sitini na tatu, sitini na tatu. Tuligawana kila kitu, hii hatukugawana." Kwenye droo yake alikuwa na daftari la zamani lililojaa misimbo ambayo mimi sikuisoma kamwe. Tarehe 1 Januari 1982 dunia nzima ilibadili muundo wa sinopu, na mafungu mengi yakachukua maana nyingine. Daftari lile lilikuwa funguo ya ripoti za kabla ya siku hiyo. Alikataa lisitupwe. Nilipouliza kwa nini, alisema siku moja mtu atataka kujua mvua ya 1961, na asipokuwa na funguo ataona namba tu.

Mafuriko ya 1961 watu wa umri wake waliyakumbuka vizuri. Nilielewa mfano wake. Kwamba ningekuja kukaa miaka mingi kwenye mikutano inayobishania jambo hilohilo la funguo, hilo sikuliwaza.

Baadaye nilihamishiwa upande wa mawasiliano na data, na huko nikakutana na BUFR, muundo wa kompyuta wa kuandikia ripoti hizo, ambayo sisi tunaitamka bufa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, liliikubali 1988. Haisomeki kwa macho. Ni mfululizo wa biti, yaani sifuri na moja, unaoanza na herufi nne, BUFR, na kuishia na 7777. Katikati, kila kipimo kinatambulishwa kwa namba iliyoko kwenye majedwali ya WMO: namba hii ni joto la hewa, ile ni latitudo, nyingine ni mvua. Jedwali linasema pia kipimo kimechukua biti ngapi na kina desimali ngapi. Ukiwa na jedwali, unasoma chochote: ripoti ya kituo, puto la anga za juu, boya la baharini, setilaiti. Usipokuwa nalo huna kitu.

Kwa hiyo nguvu yote iko kwenye majedwali, na anayeyalinda ndiye anayelinda maana. Kazi hiyo hufanywa na timu za wataalamu kutoka nchi wanachama, zilizokuwa chini ya Tume ya Mifumo ya Msingi, na tangu mageuzi ya 2019 chini ya tume mpya ya uangalizi, miundombinu na mifumo ya taarifa. WMO ina wanachama 193. Wataalamu hawalipwi kwa kazi ile. Ni waajiriwa wa huduma za hali ya hewa za nchi zao, wanaifanya juu ya kazi nyingine. Nilipopelekwa Geneva, yaliko makao makuu ya WMO, mara ya kwanza nilibeba koti zito kuliko lililohitajika na imani kwamba nakwenda kuona watu wenye akili wakibuni mambo mapya.

Mambo mapya yalikuwa machache. Sehemu kubwa ya siku ya kwanza ilikwenda kwenye kugawa namba za setilaiti. Setilaiti ikikaribia kurushwa, inahitaji namba yake kwenye jedwali la pamoja, na kifaa kilichomo ndani nacho kinahitaji namba, la sivyo data yake ikianza kushuka haina jina. Mtu anasoma pendekezo, mwingine anauliza kama namba hiyo haijatumika, mwingine anaangalia, wanaendelea. Nilichoka. Siku ya pili niliinua mkono.

Nilikuwa nimeona kwenye majedwali kwamba joto la hewa lina namba mbili. Ya zamani ni 0 12 001: Kelvin, desimali moja, biti 12. Ya baadaye ni 0 12 101: Kelvin, desimali mbili, biti 16. Zote joto la hewa. Nikauliza kwa nini hawakurekebisha ile ya zamani, wakaongeza desimali pale pale, badala ya kubaki na namba mbili zinazochanganya watu wa vituoni.

Aliyenijibu alikuwa bwana mmoja wa makamo kutoka huduma moja ya Ulaya, mtu mpole asiyependa kusema sana. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kalamu akauliza, "Kituo chako kinapima joto kwa desimali ngapi?" Moja, nikasema. "Nipe mfano." Nikampa ule wa mzee wangu, 27.4. Akaandika: kugeuza Selsiasi kuwa Kelvin jumlisha 273.15, unapata 300.55. Kisha akaniuliza nitaiandikaje kwenye namba ya zamani yenye desimali moja.

Nikatazama. 300.5 au 300.6. Ukichukua 300.5 na kurudi kwenye Selsiasi unapata 27.35. Ukichukua 300.6 unapata 27.45. Hakuna hata moja iliyo 27.4. Tena si kwa bahati mbaya ya siku hiyo: kila joto linalopimwa kwa desimali moja, ukijumlisha ile 0.15, linaangukia katikati kabisa ya namba mbili. Programu moja inakaza kwenda juu, nyingine inashusha, na nyuzi 27.4 ya mwangalizi wa Tanga au Mtwara inaweza kutoka upande wa pili ikiwa 27.3 au 27.5 kutegemea nani aliandika programu. Ndiyo maana ikaja namba mpya yenye desimali mbili, ili 300.55 ibaki 300.55.

"Sasa," akasema, "tuseme tungeirekebisha ya zamani." Akafungua kompyuta yake akanionyesha ujumbe wa zamani uliohifadhiwa kwenye hazina ya data ya kwao, safu ndefu ya sifuri na moja. Akahesabu biti 12 kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. Hilo ni joto. Baada yake linafuata umande, baada yake unyevu. Akarudi mwanzo akahesabu tena, safari hii biti 16. Biti nne za umande zikaingia kwenye joto, na kila kitu kilichofuata kikasogea. Kipimo kimoja kingeharibu ujumbe wote, na jumbe nyingine zote za aina yake zilizowahi kuandikwa.

Nilikumbuka daftari kwenye droo.

Tangu siku hiyo nikaacha kuyaona majedwali yale kama uchafu uliojikusanya. Yana vitu vilivyopitwa na wakati, vimeandikwa kwamba visitumike tena, na bado vipo. Namba ikishatolewa hairudi kuchukua maana nyingine. Ukikosea, unatoa mpya, na kosa lako linabaki pale likionekana na kila mtu, kwa sababu kuna ujumbe mahali fulani duniani uliandikwa kwa kosa lile na lazima usomeke. Hii inaleta uzito katika kukubali jambo jipya. Mtu anayejua kwamba hataweza kufuta anaandika taratibu. Kila ujumbe pia hubeba namba ya toleo la jedwali lililotumika, na hapo ndipo msomaji anapojua ashike jedwali lipi.

Utaratibu wa kupitisha mabadiliko ni mrefu, na nilipokuwa mgeni ulinikera. Pendekezo jipya la maana halipiti kwa maneno. Lazima lijaribiwe na programu zisizopungua mbili za kuandika na mbili za kusoma, zilizotengenezwa kila moja peke yake, na watu wasioangaliziana. Wakishindwa kusomana, pendekezo linarudi. Niliwahi kushuhudia pendekezo ambalo sote tuliliona safi kwenye karatasi. Lilipojaribiwa, waandishi wawili wa programu, katika nchi mbili, walikuwa wamesoma sentensi moja kwa maana mbili. Hakuna aliyekosea. Sentensi ndiyo iliyokuwa na matundu. Ingepita, tungeijua baada ya miaka, kwenye data iliyokwisha kuharibika.

Nina mfano wa kwetu, wa kitu kilichoandikwa vizuri na kusomwa vibaya. Kuna mvua ya manyunyu, ile inayolowesha kibaraza lakini kwenye kipimamvua haitoshi kusoma. Katika sinopu inaandikwa 990. Katika BUFR inaandikwa hasi 0.1, na jedwali limetengenezwa makusudi libebe namba hiyo moja chini ya sifuri. Ni alama tu, haina maana ya kupungukiwa mvua. Ofisi moja niliyofanya nayo kazi ilikuwa na programu ndogo ya kujumlisha mvua ya mwezi. Mwezi mmoja wa kiangazi, kituo kimoja kilitoka na jumla ya mvua hasi 0.3. Siku tatu za manyunyu. Ile ya hasi tuliigundua kwa sababu haiwezekani. Lakini nilikaa nikiwaza miezi mingine yote, yenye mvua za milimita hamsini na sitini, ambayo kila siku ya manyunyu ilikuwa imepunguza kidogo na hakuna aliyeona. Ilituchukua wiki kadhaa kurudia hesabu za miaka iliyopita. Maelezo ya alama ile yalikuwamo kwenye kitabu cha misimbo, kitabu namba 306 cha WMO. Hakuna aliyekuwa amefika ukurasa ule.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma, na ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Si kila badiliko linangoja mkutano mkubwa. Mabadiliko ya majedwali yanayoweza kupita haraka yana njia yake. Timu ya wataalamu ikishakubaliana, waraka unatumwa kwa mwakilishi wa misimbo wa kila nchi mwanachama. Ana miezi miwili ya kutoa maoni. Asipojibu, anahesabiwa amekubali.

Nilipoteuliwa kuwa mwakilishi huyo, nilipokea waraka wa kwanza nikiwa na kazi nyingi. Viambatisho kurasa nyingi, lugha ngumu, majedwali juu ya majedwali. Nikasema wakubwa wataangalia, wenye setilaiti zao na kompyuta zao kubwa. Sisi tuna nini cha kuongeza? Sikujibu. Waraka wa pili vilevile. Sikuwa mvivu, nilijiona mdogo. Nilidhani kunyamaza kwangu ni kukaa kando kwa adabu, kama mgeni barazani anavyosubiri wenyeji wamalize.

Mabadiliko ya namna hiyo huanza kutumika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwaka mmoja, asubuhi ya mwezi Mei, mtabiri wa zamu alinipigia simu kabla sijafika kazini. Ramani yake ya bahari ilikuwa na mashimo. Vituo vya nchi kavu vipo, lakini ripoti kadhaa za Bahari ya Hindi hazikuonekana. Tulifikiri mtandao umekatika. Tukaangalia: ujumbe ulikuwa umefika wote, umekaa kwenye folda, mzima. Programu yetu ya kusoma iliuangalia, ikaona toleo la jedwali lisilokuwa lake, ikauweka pembeni. Programu ile tuliinunua miaka mingi nyuma pamoja na vifaa, majedwali yake yamefungiwa ndani, na kuyabadilisha kulihitaji mkataba mpya. Tulikaa siku kadhaa tukitabiri hali ya bahari bila baadhi ya data ambazo tulikuwa nazo mkononi. Kuna majahazi na ngalawa zinazosubiri utabiri ule. Kuna wavuvi wanaotoka saa kumi alfajiri kwa kusikiliza redio. Namshukuru Mungu bahari ilikuwa shwari wiki hiyo.

Nikatafuta ule waraka. Ulikuwa kwenye barua pepe zangu, wa miezi mingi nyuma. Toleo jipya lilikuwa limetajwa wazi, na tarehe yake. Waliuliza pia kama kuna mwanachama anayeona ugumu. Na mimi nilikuwa nimejibu. Nilijibu ndiyo, kwa kimya.

Katika mkutano uliofuata nilieleza yaliyotupata, na sikulaumu mtu. Hakuna aliyenikemea. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniuliza swali moja tu: kama nchi ngapi zina programu kama yetu, zilizofungiwa majedwali. Sikuwa na jibu, na mle ndani hakuna aliyekuwa nalo, kwa sababu wenye programu kama hizo ndio hao wasiojibu. Kamati ilikuwa imeamua kwa haki, kwa kanuni zake zote, ikitazama dunia ya wale waliosema. Kwetu tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Pale Geneva mshindo wetu haukusikika. Uliandikwa kwenye safu ya waliokubali.

Nilichofanya niliporudi hakikuwa kikubwa. Tuliacha ile programu, tukaanza kutumia ecCodes, inayotolewa bure na kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, ambayo majedwali yake ni mafaili ya maandishi ya kawaida. Toleo jipya likitoka tunaliweka wenyewe. Kijana mmoja wa ofisini amejifunza na sasa anafanya kazi hiyo kila Mei na Novemba kama mtu anavyopogoa mwembe. Na nikaanza kujibu waraka. Kwanza mistari miwili: tumesoma, hatuna pingamizi. Hata hiyo ilikuwa na faida. Ukijua lazima ujibu, lazima usome.

Ule utaratibu wa Mei na Novemba, ambao zamani niliuona ni urasimu, sasa ningeutetea mbele ya mtu yeyote. Wenye nguvu wanataka badiliko leo kwa sababu kesho wana uwezo wa kulitumia. Anayehitaji kujua mapema badiliko litakuja lini ni yule mwenye kompyuta moja na fundi mmoja.

Tarehe nazo zina mipaka yake. WMO iliweka Novemba 2014 kuwa mwisho wa kusambaza ripoti kwa misimbo ya zamani sambamba na BUFR. Mpango ulikuwa mzuri na ulitangazwa miaka mingi kabla. Novemba ikafika, ikapita, na sinopu zikaendelea kutoka kwenye vituo vingi vya Afrika na kwingineko, kwa sababu kituo chenye umeme wa kubahatisha na simu ya mkononi hakiwezi kutuma biti. Katika maeneo mengine vituo vya mawasiliano vilichukua sinopu na kuigeuza kuwa BUFR huko mbele. Takwimu zikaonyesha BUFR imeongezeka. Lakini sinopu iliyovishwa nguo ya BUFR haina kilichoongezeka ndani yake, na wakati mwingine kimepungua. Ripoti za maputo ndizo zilizoumia zaidi: puto linapima mfululizo hadi juu angani, ripoti ya zamani inachukua sehemu chache na kuzikata vipande vinne, halafu vipande vile vinageuzwa kimoja kimoja. Wataalamu wa ECMWF walilisema hili waziwazi, na walikuwa sahihi. Mimi naongeza kwamba hatukuwa wakaidi. Hakuna mwangalizi niliyewahi kumkuta anayependa kutuma data mbovu.

Siku hizi barabara yenyewe imebadilika. Mfumo mpya wa WMO wa kubadilishana data, WIS 2.0, ulianza kazi rasmi 2025, ujumbe unapita kwenye intaneti ya kawaida, na kuna kifurushi cha bure ambacho hata huduma ndogo inaweza kukisimika: unaingiza sinopu au faili la safu na mistari, kinatoa BUFR. Majadiliano ya majedwali nayo yamehamia GitHub, tovuti ambayo watengenezaji wa programu hufanyia kazi pamoja, wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Vijana wangu wanaona ni jambo la kawaida. Mimi bado nashangaa nikiona hoja ya mtu wa kisiwa kidogo cha Pasifiki imekaa juu ya hoja ya nchi yenye setilaiti kumi, kwa sababu tu aliandika mapema na aliandika vizuri.

Mwezi uliopita umekuja waraka mwingine. Ndani yake kuna maelezo ya namna ya kuandika mvua kutoka kwenye vipimamvua vinavyojihesabia vyenyewe, vile vyenye kibirika kinachopinduka kikijaa. Pendekezo linasema kifaa kisipohesabu chochote katika saa nzima, iandikwe sifuri. Kwenye karatasi ni sawa. Niliisoma mara mbili, nikaona sina la kusema, nikataka kuandika ile mistari yangu miwili.

Nikakumbuka kuuliza. Tuna kundi la WhatsApp la waangalizi, vituo sita. Niliandika: kipimamvua chenu cha kujihesabia kikikaa kimya saa nzima na nyinyi mnaona mvua, mnafanyaje? Wengine walijibu kwamba haijawatokea. Binti mmoja wa kituo cha pwani, hana hata mwaka mmoja kazini, alituma picha. Mdomo wa kipimamvua umejaa majani makavu ya mwembe, na chini yake udongo umelowa. Akaandika: "Shikamoo mkubwa. Chetu kimeziba tangu Jumatatu, fundi bado. Kinatoa sifuri lakini imenyesha. Tunaweka haikupimwa. Tumekosea?"

Nilimjibu kwamba hajakosea. Kisha nikafungua waraka, zikiwa zimebaki siku tisa, nikaandika kwamba tunaomba maelezo yale yatenganishe kifaa kisichohesabu kwa sababu haikunyesha na kifaa kisichohesabu kwa sababu hakiwezi, na kwamba mwangalizi akiwepo neno lake litangulie la kifaa. Nikaambatisha picha ya majani, nikaituma.